Mwili Hukumbuka: Safari ya Binadamu Kuijua Kinga Yake

  Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Vuta kiti ukae. Mtoto akiwa mapajani si neno, kwa kuwa mazungumzo ya leo yanamhusu yeye.

Leo nataka kujibu swali ninaloulizwa karibu kila siku ya kliniki. Mama huja na mtoto wa miezi tisa. Mtoto hudungwa sindano ya kumkinga na ukambi, ugonjwa ambao wengine huuita surua. Halafu mimi humwambia mama arudi mtoto akitimiza mwaka mmoja na nusu, apate ya pili. Mama huniangalia na kusema, "Sista, huyu si mgonjwa. Sindano ameshapata. Nirudi kufanya nini?"

Wengi hawarudi. Sisemi ni wavivu. Nauli ni pesa, shamba linangoja, na foleni ya kliniki naijua. Lakini kuna mtoto mmoja ambaye sijamsahau. Nilikuwa bado mgeni kazini. Aliletwa akiwa na miaka miwili na miezi michache, macho mekundu, kamasi zinamtoka, vipele vimeanza nyuma ya masikio na kuteremka hadi kifuani. Nilifungua kadi yake. Sindano ya miezi tisa ilikuwa imeandikwa. Nafasi ya pili ilikuwa tupu. Mama yake aliniuliza, "Si mlimchanja? Mbona ameugua?" Nami, badala ya kumweleza, nilimgombeza mbele ya watu. Alinyamaza, akainamisha kichwa.

Mtoto yule alipona ukambi. Lakini katika miezi iliyofuata alirudi kwetu mara kwa mara, leo nimonia, kesho kuharisha. Mama yake alikuwa na haki ya kupewa jibu. Hili ninalosimulia leo ndilo jibu ambalo ningempa. Ni hadithi ndefu kidogo, inaanza zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, lakini yote yanahusu jambo moja: mwili wa binadamu hujifunza, na ukijifunza hukumbuka.

Waliopona ndio waliouguza

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na makovu usoni, vishimo vidogo vidogo mashavuni na puani. Yalikuwa makovu ya ndui, aliyougua akiwa msichana. Alitusimulia kwamba ndui ilipoingia tena kijijini, yeye ndiye aliyetumwa kuwapelekea wagonjwa maji na uji. Wengine waliogopa kukaribia. Yeye alijua, na wazee walijua, kwamba ndui haimshiki mtu mara mbili.

Wazee wetu hawakuwa peke yao katika kulijua hilo. Mwaka wa 430 Kabla ya Kristo, ugonjwa mkali wa kuambukiza uliingia mji wa Athens, nchi ya Wagiriki. Mwanahistoria Thucydides, ambaye yeye mwenyewe aliugua akapona, aliandika aliyoyaona. Watu walikufa kwa wingi, na wengi walikufa bila mtu wa kuwauguza. Walioonyesha huruma zaidi kwa wagonjwa walikuwa wale waliokwisha kupona, kwa sababu hawakuogopa tena. Ugonjwa haukuwarudia, au haukuwarudia kwa kiasi cha kuwaua.

Basi jambo la kwanza watu walilitambua kwa macho tu, bila hadubini na bila maabara. Mwili uliopigana na ugonjwa fulani ukashinda, hubaki na kitu fulani cha kuulinda. Waswahili husema, aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini somo hilo lilikuwa na bei kali. Kati ya watu kumi walioshikwa na ndui, kama watatu walikufa. Waliobaki walibaki na makovu, na wengine walipofuka. Je, kulikuwa na njia ya mwili kupata somo bila kulipa bei hiyo?

Mama mmoja, mtumwa mmoja, na ndui

Karne nyingi zilizopita, katika nchi za China, India, Uturuki na sehemu za Afrika, watu waligundua njia. Walichukua majimaji au vigaga kutoka kwa mgonjwa ambaye ndui yake haikuwa kali, wakamwekea mtu mzima wa afya, ama kwa kumchanja ngozi kidogo, ama kwa kumpulizia unga wa vigaga puani. Mtu huyo aliugua kidogo, kisha akapona, na ndui haikumpata tena.

Mwaka wa 1717, mke wa balozi wa Uingereza aliyekuwa akiishi katika nchi ya Waturuki aliyaona hayo. Aliitwa Lady Mary Wortley Montagu. Ndui ilikuwa imemuua kaka yake, na yeye mwenyewe aliugua mwaka wa 1715, ikamharibu uso na kumwondolea kope za macho. Aliandika barua kwao kueleza jinsi wanawake wazee walivyokuja nyumbani na usaha wa ndui ndani ya ganda la njugu, wakachanja watoto kwa sindano na kuwatia kidogo tu. Mwezi Machi 1718, akiwa mjini Constantinople ambao leo ni Istanbul, alimfanyia mwanawe wa kiume hivyo hivyo. Aliporudi London alimfanyia binti yake mwaka wa 1721, madaktari wakitazama. Huyu hakuwa daktari. Alikuwa mama aliyejua ndui ni nini, na hakutaka watoto wake wapitie alikopitia.

Mwaka huo huo wa 1721, ng'ambo ya bahari katika mji wa Boston, Marekani, ndui ililipuka. Kasisi mmoja aitwaye Cotton Mather alikuwa amesikia habari ya kuchanja kutoka kwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa nyumbani mwake. Mwafrika huyo aliitwa Onesimus. Kasisi alipomuuliza kama amewahi kuugua ndui, Onesimus alieleza kwamba huko kwao Afrika alichanjwa, akamwonyesha kovu. Kasisi aliwaomba madaktari wa Boston wajaribu. Karibu wote walikataa, na watu wa mji walikasirika. Daktari mmoja tu, Zabdiel Boylston, alikubali, akaanza na mwanawe mwenyewe.

Mlipuko ulipokwisha, hesabu ilifanywa. Kati ya watu takriban 240 aliowachanja daktari huyo, 6 walikufa. Kati ya watu karibu 6,000 walioshikwa na ndui wenyewe, zaidi ya 840 walikufa. Ukifanya hesabu, ni kama wawili kwa kila mia waliochanjwa, na kama kumi na wanne kwa kila mia wasiochanjwa.

Lakini tuseme kweli yote. Njia ile ilikuwa bado ya hatari. Aliyechanjwa alipewa ndui yenyewe, na aliweza kuwaambukiza wengine. Watu waliendelea kutafuta njia salama zaidi.

Ng'ombe akaingia katika hadithi

Wafugaji wa Uingereza walikuwa na jambo walilolizoea. Wakamuaji wa maziwa walipata vipele mikononi kutoka kwenye chuchu za ng'ombe, ugonjwa mdogo uitwao ndui ya ng'ombe. Baadaye, ndui ya watu ilipokuja, iliwapita. Mkulima mmoja, Benjamin Jesty, aliamini jambo hilo kiasi kwamba mwaka wa 1774 aliwachanja mkewe na wanawe wawili kwa majimaji ya vipele vya ng'ombe.

Daktari wa kijijini aitwaye Edward Jenner ndiye aliyelichunguza jambo hilo na kuliandika. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua majimaji kutoka mkono wa mkamuaji, Sarah Nelmes, akamchanja mvulana wa miaka minane, James Phipps. Wiki chache baadaye alimtia mvulana yule majimaji ya ndui yenyewe. Hakuugua. Leo hakuna anayeruhusiwa kumjaribu mtoto namna hiyo, na ni vizuri hivyo. Chanjo za siku hizi hupimwa kwa hatua nyingi, kwa watu wazima waliokubali, kabla ya kumfikia mtoto wako.

Katika lugha ya Kilatini ng'ombe ni "vacca", na kutokana na neno hilo Waingereza walipata jina la chanjo. Sisi neno letu limetoka kwenye kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo. Kila lugha ina namna yake ya kuitunza historia.

Kumbukumbu ya miaka 65

Sasa sikiliza kisa hiki, kwa maana kinahusu ukambi wenyewe. Kaskazini mwa bahari ya Atlantiki kuna visiwa vidogo vinavyoitwa Faroe. Mwaka wa 1781 ukambi uliingia huko, ukapita. Kisha kwa miaka 65 haukuonekana tena. Mwaka wa 1846 fundi seremala mmoja alifika kwa meli kutoka Copenhagen akiwa ameambukizwa. Visiwa vile vilikuwa na watu wasiofika 8,000. Katika miezi michache, watu kama 6,000 waliugua, watoto kwa watu wazima.

Serikali ya Denmark ilimtuma daktari kijana wa miaka 25, Peter Panum. Alizunguka kijiji kwa kijiji akiuliza maswali na kuandika. Akagundua jambo la ajabu. Wazee waliougua ukambi mwaka wa 1781, wakiwa watoto, hawakuugua tena hata mmoja. Lakini wazee ambao ukambi uliwapita mwaka ule wa 1781 waliugua kama vijana.

Fikiria hayo, mama. Mtu amesahau mengi katika miaka 65. Amesahau nyimbo za utotoni na sura za watu aliocheza nao. Lakini mwili wake haukuusahau ukambi. Swali likabaki: kumbukumbu hiyo imewekwa wapi?

Mwiba na usaha

Mwaka wa 1882, mwanasayansi Elie Metchnikoff, mzaliwa wa milki ya Urusi, alikuwa akiishi Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki nyumbani na hadubini yake. Alikuwa akichunguza watoto wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Wakiwa wachanga huwa waangavu kama maji, na ndani yao unaweza kuona kila kitu kinachotembea. Metchnikoff alichoma miiba midogo ndani ya miili yao. Asubuhi alikuta chembe nyingi zimetembea kutoka huku na huku, zimeuzunguka mwiba kila upande.

Wewe umeliona jambo hilo hilo bila hadubini. Mtoto akichomwa na mwiba mguuni, kesho pamevimba, pana joto, pengine pametunga usaha. Usaha huo kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu zilizokimbilia pale, zikala vijidudu, zikafa vitani. Hao ndio askari wa kwanza wa mwili. Wako tayari tangu mtoto anapozaliwa, na humpiga adui yeyote bila kuuliza jina lake.

Lakini hao si wenye kumbukumbu. Mwaka wa 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato waligundua jambo jingine. Walimzoesha mnyama sumu ya pepopunda kidogo kidogo. Kisha wakachukua majimaji ya damu yake, wakampa mnyama mwingine. Mnyama huyo wa pili naye akalindwa. Basi ndani ya majimaji ya damu mlikuwa na kitu, na kitu hicho leo tunakiita kingamwili. Kila kingamwili hutengenezwa kwa ajili ya adui mmoja, kama ufunguo na kufuli lake. Ya pepopunda haisaidii kwa ukambi, na ya ukambi haisaidii kwa polio. Ndiyo sababu mtoto hapewi sindano moja tu ya magonjwa yote.

Baadaye wanasayansi walizijua chembe zinazotengeneza kingamwili. Ni aina nyingine ya chembe nyeupe. Nyingi hukaa katika tezi, zile unazozigusa shingoni mwa mtoto anapoumwa koo, au mtoki anapokuwa na kidonda mguuni. Mwili unapokutana na adui mara ya kwanza, chembe hizi huhitaji siku nyingi, wiki moja hadi mbili, kutengeneza silaha za kutosha. Katika siku hizo ndipo ugonjwa huuma, na ndipo mtoto anaweza kufa. Vita vikiisha, askari wengi hufa, lakini wachache hubaki kwa miaka mingi. Hao ndio chembe za kumbukumbu. Adui akirudi, hawahitaji wiki mbili, na mara nyingi mtoto hata hajui kwamba alivamiwa.

Chanjo ni njia ya kuwapa askari hao somo bila vita. Tunawaonyesha adui aliyekufa, au aliyedhoofishwa, au kipande chake tu. Mtoto akipata joto kidogo jioni ile, au mkono ukimuuma, hiyo ndiyo dalili kwamba darasa limeanza. Na kama ilivyo shuleni, masomo mengine hayaingii kichwani kwa siku moja. Kwa hiyo kuna sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Si kwamba tumesahau tulichompa. Tunarudia somo ili likae.

Zawadi ya mama ina mwisho wake

Mwaka wa 1892 mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alifanya jaribio ambalo kila mama angepaswa kulijua. Alizoesha panya wa kike sumu ya mbegu za mimea, kama mbegu za mbarika, mpaka wakawa na kinga. Watoto wao nao walizaliwa na kinga. Kisha akabadilisha watoto, wa panya asiye na kinga akawanyonyesha kwa panya mwenye kinga. Hao nao wakapata kinga, kwa maziwa tu.

Ni kweli pia kwetu. Ukiwa mjamzito, kingamwili zako hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ndiyo maana mama mjamzito hudungwa sindano ya pepopunda, ili mtoto azaliwe tayari amelindwa. Maziwa yako, hasa yale ya kwanza ya manjano ambayo wengine huyamwaga wakidhani ni machafu, yana kingamwili zinazolinda tumbo la mtoto. Tafadhali usiyamwage.

Lakini kinga hii ni ya kuazima. Mtoto hajaitengeneza mwenyewe, kwa hiyo haina kumbukumbu. Hupungua mwezi baada ya mwezi. Na hapa ndipo penye jibu la mama yule niliyemgombeza. Tukimchanja mtoto mapema sana, kingamwili za mama zilizobaki huiua chanjo ya ukambi kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Tukichelewa sana, mtoto atakaa bila ulinzi. Kwa hiyo hapa Kenya tumechagua miezi tisa, na pale penye mlipuko tunaweza kuanza miezi sita. Hata hivyo, kati ya watoto mia wanaochanjwa wakiwa na miezi tisa, kama 85 hupata kinga. Kama 15 somo haliwaingii. Ukimtazama mtoto, huwezi kujua yuko upande gani. Sindano ya mwaka mmoja na nusu, iliyoanza kutolewa nchini mwaka wa 2013, ni kwa ajili ya hao 15.

Mtoto yule wa macho mekundu alikuwa mmoja wao. Mama yake alifanya kosa gani siku ya kwanza? Hakufanya lolote. Kilichokosekana ni siku ya pili, na mtu wa kumweleza kwa nini.

Ukambi hufuta kumbukumbu

Je, na zile nimonia na kuharisha za baadaye? Waganga na mama wengi walikuwa wameona zamani kwamba mtoto aliyetoka kwenye ukambi hudhoofika kwa muda mrefu. Mwaka wa 2019 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, ikapimwa kabla na baada ya kuugua ukambi. Walikuta kwamba watoto walikuwa wamepoteza sehemu ya kingamwili zao za magonjwa mengine. Aliyepoteza kidogo alipoteza asilimia 11, aliyepoteza nyingi alipoteza asilimia 73.

Yaani ukambi haumpigi mtoto mara moja ukaondoka. Unaingia katika ghala la kumbukumbu na kuchoma madaftari. Magonjwa ambayo mwili ulikuwa umeyajua tayari, huanza kuyasoma upya. Chanjo ya ukambi haifanyi hivyo. Mama anayerudi kwa sindano ya pili analinda kumbukumbu yote ambayo mtoto wake amekusanya tangu kuzaliwa.

Mpishi wa Merca

Nimalizie karibu na kwetu. Mwezi Oktoba 1977, katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, kulikuwa na kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi katika hospitali. Wafanyakazi wa hospitali walitakiwa wachanjwe ndui, lakini yeye aliogopa maumivu ya sindano, akaikwepa. Siku moja lilikuja gari lenye watoto wawili wagonjwa, dereva akauliza njia ya kambi ya wagonjwa wa ndui. Maalin akapanda kumwonyesha. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Wiki mbili baadaye alipata vipele.

Mtoto mmoja kati ya wale wawili, msichana wa miaka sita, alifariki. Maalin alipona. Watu wa afya walikwenda nyumba kwa nyumba mjini Merca, wakachanja zaidi ya watu 50,000 katika muda wa wiki mbili. Ndui haikuwa na pa kwenda. Maalin akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Oktoba 1979, hapa Nairobi, ilitangazwa kwamba eneo letu hili la Afrika limekuwa huru na ndui, na mwezi Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni kote. Mwaka huo huo wa 1980 Kenya ilianza mpango wake wa taifa wa chanjo kwa watoto.

Maalin hakuificha aibu yake. Miaka ya baadaye alijitolea kuzunguka Somalia katika kampeni ya chanjo ya polio. Alipokutana na mama mwenye wasiwasi, alimsimulia kwamba yeye naye aliikimbia sindano, na yaliyompata. Alifariki mwezi Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Miaka sita baadaye, Septemba 2019, watoto wa sehemu za magharibi mwa Kenya walianza kupewa chanjo ya malaria.

Nyanya yangu hakuishi kuyasikia haya yote. Lakini uso wangu hauna makovu kama wake, na wanangu hawajui ndui ni nini. Yeye mwili wake ulijifunza kwa kuugua. Mtoto wako anaweza kujifunza akiwa mapajani mwako, kwa kilio cha dakika moja.

Mambo ya kukumbuka

1. Mnyonyeshe mtoto mara tu anapozaliwa. Usimwage maziwa ya kwanza.
2. Chanjo za watoto katika vituo vya serikali hazilipiwi. Njoo na kijitabu cha mama na mtoto kila mara.
3. Kidonda kidogo cha chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto hupona chenyewe. Usikipake dawa wala majani.
4. Joto kidogo baada ya sindano ni kawaida. Endelea kunyonyesha. Lakini mtoto akipata degedege, akikataa kunyonya, au akipumua kwa shida, mlete upesi.
5. Sindano ya ukambi ni mbili: miezi tisa, na mwaka mmoja na nusu.
6. Kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, mtoto apewe vitamini A kila baada ya miezi sita.
7. Tarehe ikiwa imepita, njoo hivyo hivyo. Hatuanzi upya, tunaendelea pale tulipoachia. Na mhudumu hana ruhusa ya kukugombeza.

Maswali ya mazungumzo katika kikundi

Je, kuna mzee katika kijiji chenu mwenye makovu ya ndui, au anayekumbuka ukambi wa zamani? Mwombeni awasimulie. Kisha kila mama afungue kijitabu cha mtoto wake na kutazama: kuna nafasi iliyo tupu?